Nimemjengea mama mkwe nyumba ya bati, bado analala kwenye tembe

Wanaoniandikia huwa wananisihi niwafiche. Shangazi usitaje jina, usitaje mtaa, hata kazi yangu usiiguse. Wiki hii imekuja barua inayoomba kinyume: mwenyewe anataka jina lake litoke lote, la kwake na la baba yake, "ili liwe fundisho kwa wanawake wasiothamini". Jina nimelikata. Barua ilikuwa na kurasa nne, nimeipunguza:

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, mtumishi wa serikali. Nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam, nikahamia Dodoma mwaka 2017 na wizara yetu. Tunaishi Nkuhungu, mimi, mke wangu ambaye ni Mgogo wa Mvumi, na watoto watatu. Kila mtu ananijua kwa kujitoa. Harusi za ofisini mwenyekiti wa kamati ni mimi. Kwenye misiba mchango wangu husomwa wa kwanza. Mwaka jana nilimjengea mama mkwe nyumba ya vyumba vitatu, bati la msauzi, marumaru hadi barazani. Siku ya kuikabidhi nilileta mshereheshaji na muziki. Mama mkwe alipopewa kipaza sauti akamshukuru Mungu, akamshukuru shemeji yangu mdogo kwa maneno mengi, mimi akanimalizia na 'ahsante'. Nilipiga picha yake amekaa kwenye kitanda kipya nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mke wangu akanuna wiki nzima. Hadi leo mama analala kwenye tembe lake, nyumba yangu kaifanya ghala la uwele na karanga. Mke wangu ana genge la mboga, mtaji nilimpa mimi. Alipolazwa nilimlipia chumba cha peke yake siku tano, laki mbili na nusu, wanaume wangapi wanafanya hivyo? Sifa hata moja sijawahi kuisikia kinywani mwake. Nikimwonyesha cheti cha mfanyakazi bora anasema 'sawa'. Juzi nimemuuliza kwa nini hanithamini, akanijibu, 'Baba, wewe unapenda kushukuriwa kuliko unavyotupenda sisi.' Nimeumia sana. Baba yangu mzazi naye hakuwahi kunisifia, hata nilipokuwa wa kwanza darasa la saba. Kuna dada ofisini ananiambia mke wangu hajui alichonacho. Je, ni kosa mwanaume kutaka kuheshimiwa kwake? Nifanye nini wanithamini?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hilo la baba yako. Mtoto ametoka wa kwanza, amekimbia nyumbani na karatasi mkononi, mkubwa hata macho hakuinua. Hilo halisahauliki na sitalifanyia mzaha. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu. Bei ya chumba cha hospitali umeiandika. Siku alizolala umezihesabu. Ugonjwa hukuutaja. Kurasa nne, na mimi hapa sijui mama watoto wako aliumwa nini. Sijui kama alipasuliwa, kama mimba iliharibika, kama ni malaria iliyompanda kichwani. Sijui nani alimshika mkono usiku wala nani alimpelekea uji asubuhi. Kuna sentensi moja niliiacha hapo juu, sasa nairudisha wasomaji waione: "Wiki hiyo nilibanwa na vikao vya harusi ya mhasibu wetu, lakini nilihakikisha bili yote imelipwa." Basi. Mke yuko kitandani, wewe uko ukumbini unagawa kadi za michango, kisha unataka akitoka akupigie makofi kwa sababu chumba kilikuwa na feni.

Tuje kwenye nyumba, maana hapo ndipo ulipojianika.

Umeandika "nyumba yangu kaifanya ghala". Yako? Mimi nilidhani ulimjengea yeye. Kama ni yake, aweke uwele, aweke kuku, aweke hata punda akitaka. Na kabla hujalia kuwa analala kwenye tembe, uliwahi kumuuliza kwa nini? Wewe ni mtoto wa Dar, tembe kwako ni alama ya umaskini. Ngoja nikueleze. Kuta za tembe ni miti iliyokandikwa udongo, paa lake ni bapa, la miti na udongo juu yake. Jua la Oktoba la hapa kwetu likiwaka, ndani kuna ubaridi. Usiku wa Juni na Julai upepo ukivuma hadi meno yanagongana, ndani kuna joto. Bati ni kinyume chake: mchana linakuoka, usiku linakugandisha, mvua ikinyesha humsikii aliye pembeni yako. Dari uliweka? Hukuitaja, na wewe si mtu wa kuacha kutaja kitu ulicholipia. Kwa hiyo umemjengea mama wa watu tanuri lenye marumaru, na mwenye akili zake kaweka humo vitu visivyosikia joto.

Ungemuuliza kabla ya kuchimba msingi angekwambia anataka nini. Pengine paa la tembe lirudishiwe udongo. Pengine choo cha karibu. Pengine tangi la kukingia maji, maana huko Ugogo mvua ni msimu mmoja tu, na ukipita mama anarudi kuhangaika na ndoo. Hukuuliza, kwa sababu choo hakipendezi kwenye picha.

Na ile picha! Wasomaji wangu wazee wa Kigogo mlioishusha chai mlipofika hapo, nawaelewa. Mwanangu, mimi nimelelewa kwamba mkwe hata mlango wa chumba cha mama mkwe hausogelei. Anasimama uani, anaitwa, anakaribishwa anapostahili kukaa. Wewe umemkalisha mama mkwe juu ya kitanda, umemlenga na simu, umewatumia wajomba. Mkeo kununa wiki moja ni upole. Mimi ningenuna hadi masika.

Halafu huyo shemeji mdogo unayemwonea wivu. Katika kurasa zako nimeokota, umeyaandika kama dharau, kwamba kazi yake ilikuwa "kuswaga punda tu". Punda wa nini? Wa maji. Kijana ameteka maji ya kufyatulia matofali muda wote wa ujenzi, alfajiri na jioni, na usiku amelala juu ya mifuko ya saruji isiibwe. Mama alimwona. Wewe alikuona siku ya muziki. Akipewa kipaza sauti amshukuru nani kwanza?

Kwa hiyo jibu la swali lako analo mkeo, na keshakupa bure: unapenda kushukuriwa kuliko unavyowapenda. Sikumbuki mwanamke aliyemaliza barua ya kurasa nne kwa sentensi moja hivi. Ningemwajiri anisaidie safu hii.

Usidhani ni maneno ya genge tu. Mpwa wangu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, akija kula Jumapili hulipa kwa kunisomea anayofundishwa. Akanisomea habari za wanasaikolojia wawili wa Marekani, Jennifer Crocker na Amy Canevello, waliochapisha utafiti wao mwaka 2008. Waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo, wakiwemo wanaoishi chumba kimoja. Wakawauliza: kwa mwenzako unatafuta nini, kumfaa, au uonekane mtu mzuri? Wenye nia ya kumfaa mwenzao, kadiri muhula ulivyokwenda, walijikuta wanasaidia zaidi, wanasaidiwa zaidi, na wanaaminiana. Kipande kilichonifanya niweke kijiko chini ni hiki: aliyechanganya, anataka kumfaa mwenzake na hapohapo anataka kuonekana, ile faida ilimfifia. Na walioishi naye chumba kimoja waliona tofauti. Hawakuhitaji kuambiwa. Sasa ikiwa mtu wa kulala naye chumba kimoja muhula mmoja anatambua anasaidiwa kwa nia gani, mke aliyezaa na wewe watoto watatu atashindwaje?

Nisijifanye malaika. Miaka ya nyuma nilikuwa nikipeleka rambirambi mtaani kwetu, nilikuwa naketi karibu na mwenye daftari nisikie jina langu likisomwa. Mara moja lilirukwa. Sikuwalilia marehemu wala wafiwa, nilililia jina. Nimeupata huo ugonjwa, ndiyo maana nautambua ukikohoa.

Na si wewe peke yako, ndoa za sasa zimejaa hayo. Mume anamnunulia mke zawadi, kabla hajamkabidhi kishaiweka stetasi. Mke anampikia mume, chakula kinapoa kikipigwa picha. Siku ya kuzaliwa, keki inakatwa mbele ya watu mia, kesho yake hawasemeshani hadi jioni. Watu wanapendana kwa ajili ya watazamaji. Na wahamasishaji wamezidisha: jipende, jithamini, anayeshindwa kukuthamini muache. Hilo nalo si jipya. Jimbo la California huko Marekani liliunda kikosi kazi cha serikali mwaka 1986 kushughulikia kujithamini kwa watu wake, wakidhani hapo ndipo penye dawa ya matatizo ya jamii. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake wakakaa chini wakapitia tafiti zilizokusanyika. Wakakuta wanaojiona wa thamani sana wana furaha kuliko wengine, hilo nalikubali, nani asiyefurahi akijitazama kwenye kioo anachokipenda. Lakini wanapodai kuwa wanapendwa na kuelewana na watu zaidi ya wengine, vipimo visivyotegemea maneno yao wenyewe vilikanusha sehemu kubwa ya madai hayo. Soma tena hapo, mwenyekiti wa kamati. Barua yako inasema "kila mtu ananijua kwa kujitoa". Nani alikwambia? Waliokula pilau?

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huku kwetu hakuna mnazi, ila maji tunayajua. Ya visima vyetu vingi yana chumvi. Unakunywa kikombe, unataka kingine, kiu iko palepale. Sifa unazozifuata ndiyo hizo. Baba yako angekusifia mara moja ungetulia. Hakukusifia, sasa unamdai mkeo, mama mkwe, kamati ya harusi na waombolezaji wa msiba wakulipe deni la mtu mwingine. Wao hawakukopa.

Huyo dada wa ofisini anayesema mkeo hajui alichonacho, yeye anajua nini? Amekuona umepiga pasi, umeshika bahasha. Hajakuona unauliza "umenionaje leo" kabla hujavua viatu. Muda huo unaompa ni ule uliokosa kumpa mgonjwa wako wodini. Acha kunywa naye chai. Sitalizungushia maneno.

Heshima unayoiulizia si kosa kuitaka. Lakini mke aliyekujibu "sawa" ulipomwonyesha cheti huenda alikuwa amesimama gengeni tangu alfajiri, miguu imevimba, anasubiri na wewe umwulize kitu. Katika barua nzima hakuna mahali ulipomuuliza huyu mwanamke swali, isipokuwa lile la kwa nini hakuthamini.

Basi fanya hivi. Leo jioni, watoto wakilala, muulize aliumwa nini na wodini alikuwa na nani. Akikueleza usijitetee, usiseme "lakini nililipa". Nyamaza umsikilize, hata kama atachukua saa mbili. Jumamosi kaa gengeni tangu asubuhi, upange nyanya, ufunge mafungu ya mlenda, uone wateja wanavyomkopa wakapotea. Kamati ya harusi waachie wenzako, watapata mwenyekiti kabla hujafika getini.

Ile picha ifute kwenye kundi. Kisha panda gari uende Mvumi bila simu, au iache kwa mkeo. Mwombe mama radhi kupitia mtu mzima wa kwao, wanajua inavyosemwa. Muulize shemeji tembe linavuja upande gani, mpande wote wawili mlirudishie udongo kabla mvua za Desemba hazijafika. Ukishika koleo, yule kijana ataacha kukuita "bosi".

Ukipata hela, weka dari kwenye nyumba ya bati. Yake. Akihamia, sawa. Asipohamia, karanga zake zitakaa vizuri.

Na ukimaliza hiyo dari, usiniandikie.