Kabla ya kununua mfumo mpya, fungua droo ya ankara

Anayekabidhiwa kazi ya kurekebisha fedha za manispaa au jimbo hushawishika kuanza na kitu kinachoonekana: mfumo mpya wa kompyuta, kanuni mpya za manunuzi, au semina ya siku tatu. Nami nilianza hivyo hivyo. Nilipohamishiwa idara ya fedha ya mamlaka moja ya mitaa, wiki zangu za kwanza ziliishia kwenye vikao vya kuchagua programu, hadi karani wa malipo aliponiuliza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuona wengi wakija na kuondoka, kama nimewahi kufungua droo ya chini ya kabati lake.

Humo mlikuwa na ankara zilizofungwa kwa raba, mafungu kwa mafungu, nyingine wino umeshafifia. Kazi zilikuwa zimefanyika na mali imepokelewa kwa saini, lakini hakuna ankara hata moja iliyokuwa imeingizwa vitabuni, kwa sababu tulikuwa tukiandika matumizi siku fedha inapotoka benki, si siku deni linapozaliwa. Ndiyo maana taarifa ya mwisho wa mwaka ilionyesha bakaa, yaani fedha iliyobaki baada ya matumizi, na madiwani wakaipitisha kwa makofi. Bakaa yenyewe ilikuwa fedha za wazabuni.

Kwa hiyo, hesabu madeni kwanza. Watangazie wazabuni walete madai yao kabla ya tarehe mtakayoipanga, linganisha kila dai na hati ya kuagizia na hati ya kupokelea mali, kisha yapange yote kwa umri, kuanzia yasiyozidi siku 30 hadi yaliyopita mwaka. Yale makongwe yatakuonyesha ni idara ipi iliyozoea kuagiza bila kuwa na fungu la bajeti. Yasiyo na hati yaweke kando yachunguzwe. Usiyalipe kwa huruma wala usiyafute kwa hasira.

Anayeona hili kuwa suala la makarani na atazame yaliyoikuta New York mwaka 1975. Kwa miaka kadhaa jiji hilo lilikuwa likisogeza matumizi ya mwaka huu kwenye vitabu vya mwaka ujao, likihesabu mapato ambayo yasingekusanywa, na kuingiza gharama za kawaida katika bajeti ya miradi, huku likiziba pengo kwa mikopo ya muda mfupi, mpaka wakopeshaji wakakataa kuendelea. Serikali ya jimbo iliunda bodi ya dharura ya kusimamia fedha za jiji, na jiji likalazimika kurudi kwenye kanuni za uhasibu zinazokubalika. Maelfu ya wafanyakazi walipunguzwa, na mwaka 1976 chuo kikuu cha jiji, ambacho kilikuwa kikisomesha bure, kikaanza kutoza ada. Waliolipa hawakuwa wale walioviandika vitabu.

Makisio ya mapato nayo yana ugonjwa wake, kwani mara nyingi bajeti hujengwa kinyumenyume: matumizi huorodheshwa kwanza, kisha mapato huvutwa mpaka yatoshe. Tulikubaliana kwamba kisio lolote linalozidi wastani wa makusanyo halisi ya miaka 3 iliyopita liambatane na maelezo ya kilichobadilika, yenye saini ya msimamizi wa chanzo hicho. Kalamu ilipowafikia, kisio la ada ya maegesho lilishuka bila mabishano. Programu tuliinunua baadaye, na inafanya kazi vizuri.

Kilicholeta ugomvi ni pendekezo la kupeleka orodha ya madeni mbele ya baraza kila robo mwaka. Wapo waliosema ni kujianika. Ninawaelewa, lakini wazabuni walikuwa wanajua siku nyingi, na mzabuni anayejua kwamba atalipwa baada ya mwaka huiweka subira hiyo ndani ya bei yake, hivyo aibu tuliyokuwa tukiificha tulikuwa tayari tunailipia katika kila zabuni.

Orodha ikishatoka, lipa kwa foleni, deni la zamani likitangulia, na mkurugenzi akitaka kumruhusu mtu apite mbele, aandike sababu na barua yake iambatishwe. Katika mwaka wetu wa kwanza barua za namna hiyo zilikuwa mbili tu, na moja ilihusu dawa za zahanati.