Mama mkwe haondoki, na nauli ya mama je?

*Shangazi, nina miaka 29, kwetu Korogwe. Nimeolewa na Mnigeria, Muigbo, tunaishi Surulere, Lagos, na mume wangu anauza vipuri soko la Ladipo. Nina wiki tano tangu nijifungue. Mama alikuwa aje, mume wangu akatuma nauli, lakini ikaingia kwenye dharura za nyumbani. Akaja mama mkwe kutoka kwao jimbo la Imo na furushi la viazi vikuu, sasa yeye ndiye mwenye nyumba. Ananikanda kwa maji ya moto mpaka nalia, ananinywesha supu kali ya majani nisiyoyajua, usiku analala na mtoto, ananiletea wakati wa kunyonyesha tu. Anataka hata kumpa maji. Sisi tumemwita mtoto Brielle, yeye anamwita Nnenna. Mume wangu yuko kimya. Nimwambieje amrudishe mama yake? Afadhali kaka yangu sasa ana pikipiki, ameacha kunisumbua. Nimechoka, Lagos.*

Hongera kwa kujifungua salama, mwanangu. Najua uzazi wa ugenini ulivyo, mwili unauma, umeme umekatika, na jenereta la jirani linanguruma mpaka alfajiri. Pole sana. Sasa tuzungumze.

Unachokilalamikia Waigbo wanakiita omugwo. Kwa mila yao, anayetangulia kuja kumlea mzazi ni mama wa mwanamke, yaani mama yako wewe. Mama wa mume huja baadaye, au huja pale ambapo upande wa pili hakutokea mtu. Kwa hiyo huyo bibi hakukuvamia, ameziba pengo la kwenu. Amekaa kwenye basi kutwa nzima, amevuka mto Niger, na nauli zenyewe ndizo hizi zilizopanda tangu ruzuku ya petroli iondolewe Mei 2023. Halafu unataka apewe tiketi ya kurudi kama mzigo uliokosewa anwani!

Na wewe mtoto wa Korogwe unashangaa kukandwa? Kwetu mzazi hakandwi? Hanyweshwi uji wa pilipili manga mpaka jasho limtoke? Hayo majani bila shaka ni uziza na utazi, na ukikuta humo kaganda keusi, hiyo ni uda. Vinauzwa sokoni hapo Lagos kama sisi tunavyouza iliki. Ungemuuliza angekufundisha, na angefurahi. Lakini naisoma hofu yako. Filamu za Kinigeria tulizokua nazo zimetuharibu, kila mama mkwe akishika sufuria tunasubiri moshi na kicheko.

Mawili nakuunga mkono. Maji ya kukandia yasiwe ya kuunguza, na kama ulishonwa, muulize kwanza mkunga wako. Mtoto naye ni maziwa yako tu mpaka miezi sita, maji hapana. Mwambie bibi kwa upole kwamba ndivyo walivyoagiza kliniki, na mumeo awepo asikie.

Jina sasa. Nnenna maana yake mama wa baba. Bibi akimwita hivyo anasema, huyu ni mimi nimerudi. Kwetu bibi humwita mjukuu wake mke mwenzangu, na hakuna anayemshitaki. Wewe Brielle umelitoa wapi? Simuni, nadhani. Kaa nalo, lakini mtoto wa Kiigbo kuwa na majina mawili matatu si ajabu, na moja litakalomtambulisha kwa ukoo wa baba yake halitamchubua.

Mabinti wa siku hizi mnapenda kuolewa na mwanamume aliyeota peke yake kama uyoga. Picha za harusi mnataka ukoo mzima umevaa sare ya kitambaa kimoja, vilemba hadi darini. Ndoa ikianza kazi, ukoo ule ule unaitwa kero. Na mnamwita mgeni mtawala huku mnalala usingizi mzito kwa sababu yeye ndiye anayekesha. Usiku analala na mtoto, umeandika mwenyewe. Nani basi anayeamka saa nane?

Akimaliza omugwo, haondoki mikono mitupu. Huagwa kwa vitenge, fedha na vitu vya kupeleka nyumbani. Anza kununua, tena chagua kwa mkono wako, usimwachie mumeo.

Mumeo yuko kimya, unasema. Mimi ningekuwa yeye ningekuwa kimya pia. Alituma nauli, mgeni hakufika, dharura haikutajwa jina, na mistari michache mbele shemeji yake ana pikipiki. Barua yako hiyo hiyo, sijaongeza neno. Kaa naye umweleze kabla mama yake hajafunga mizigo, maana huenda bibi huyo naye anajua na ameamua kukustahi.

Halafu mpigie simu mama yako Korogwe. Yeye anajua kwamba alitumiwa nauli?