Kabla ya kushusha giaboksi, ipime ikiwa bado garini

Giaboksi ya mkono ikianza kusumbua, fundi wa kwanza utakayemwendea atakwambia, "Tuishushe tuangalie." Mimi hulipinga hilo kila mara. Giaboksi ikishafunguliwa mezani huwezi tena kuisikia ikifanya kazi, na ushahidi mwingi mzuri unapatikana gari likiwa linawaka na kutembea. Nimeona giaboksi zikipasuliwa, zikarudishwa, na ugonjwa ukabaki palepale kwa sababu ulikuwa kwenye klachi.

Basi anza na klachi. Washa injini, weka nyutro, kanyaga klachi hadi chini, subiri kama sekunde 5, kisha ingiza rivasi. Magari mengi rivasi yake haina sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana), kwa hiyo haifichi kitu: ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haiachii vizuri na shafti ya giaboksi bado inazungushwa na injini. Gia zote zikigoma injini ikiwaka, halafu zikaingia laini ikizimwa, jibu ni lilelile. Angalia mafuta ya klachi, hewa iliyoingia kwenye mabomba yake, silinda ya juu na ya chini, au kebo kama gari lako linatumia kebo. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Klachi ikiwa nzima, tega sikio. Gari limesimama, nyutro, mguu umeuondoa kwenye pedeli. Ukisikia mvumo unaonyamaza mara unapokanyaga klachi, beringi za ndani ya giaboksi zimechoka, hasa ile ya shafti inayotoka kwenye klachi, kwa kuwa ukikanyaga shafti hiyo husimama. Kelele ikizuka pale unapokanyaga, mshukiwa ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie, na hiyo haimo ndani ya giaboksi kabisa. Kelele hizi mbili huchanganywa sana, na anayelipia ni mwenye gari.

Barabarani kuna mengine. Kelele ya gia moja tu inaelekeza kwenye meno ya gia hiyo. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambalo gia yake ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kupitia shafti ya chini, likilia kwenye gia nyingine na kutulia kwenye ya nne, shuku beringi za shafti ya chini: kwenye ya nne shafti hiyo inazunguka lakini haibebi mzigo. Gia moja ikikwaruza wakati wa kuingia, mara nyingi ya pili, jaribu kukanyaga klachi mara mbili: toa gia, achia klachi kwenye nyutro, gusa moto (pedeli ya mafuta) kidogo kama unashusha gia, kanyaga tena, ingiza. Ikiingia laini kwa namna hiyo, pete ya sinkronaiza ya gia hiyo imekwisha. Gia inayoruka yenyewe ukiachia moto inaweza kuwa na meno ya kushikia yaliyolika, uma unaosukuma gia uliochoka au springi ya gololi inayoishikilia gia iliyolegea, ila kwanza kagua maunti (mipira inayoshikilia injini) na bushi za mkono wa gia. Maunti ikikatika injini hucheza na kuivuta gia itoke.

Kisha mwaga oili, na hapa usiwe na haraka. Fungua nati ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia. Ukimwaga halafu ya kujazia ikagoma, gari limekwama. Mwaga oili ikiwa na uvuguvugu, ipokee kwenye chombo kisafi, ipeleke juani. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni la kawaida. Chembe za njano zinazometameta ni shaba ya pete za sinkronaiza. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni beringi au meno, na hapo acha kuliendesha gari hadi giaboksi ifunguliwe.

Uliza pia ni oili gani iliyokuwa imewekwa. GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili ya gia; watu huona GL-5 ni namba kubwa kuliko GL-4 na kudhani ni bora kwa kila giaboksi. GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu zenye mzigo mkali. Kwenye giaboksi iliyoandikiwa GL-4 inaweza kuteleza mno hadi pete zishindwe kushika, na baadhi ya viambato vyake hula shaba. Fuata kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Nimeona gia zilizokuwa zikikwaruza zikitulia kwa kubadilishiwa oili sahihi tu.

Vipimo vyote vikielekeza ndani, ishushe. Itegemeze kwa jeki muda wote. Ikining'inia kwenye shafti yake itapinda kitovu cha klachi pleti. Unapotoa uma na reli zake, funika kwa kitambaa, maana gololi na springi huruka. Chukua kila pete ya sinkronaiza, pitisha ukucha ndani yake: mifereji ikiwa hai utahisi makali yake, ikiwa imekufa ni laini na inang'aa. Ibane kwenye koni ya gia yake kwa mkono, pima pengo kati ya meno ya pete na ya gia kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo), linganisha na kikomo cha mwongozo wa giaboksi hiyo. Pengo likiwa dogo kuliko kikomo, pete haifai, hata ikionekana nzima.

Ukiwa umefika huko badilisha beringi zote, sili na pete za kufungia. Kuweka pete mpya juu ya beringi zilizolegea ni kuzitesa, kwa sababu shafti inayocheza huzisaga upande. Beringi inayoingia kwenye shafti sukuma kwa pete yake ya ndani tu. Ukiigonga ya nje, nguvu inapita kwenye gololi na kuacha alama zitakazolia baadaye. Kabla ya kufunga kifuniko, zungusha shafti kwa mkono na uingize kila gia, rivasi pia. Jaza oili hadi ifike ukingo wa tundu gari likiwa limesimama sawasawa, na baada ya kilomita mia kadhaa imwage uweke nyingine, kwa kuwa vipande vipya vikisuguana mwanzoni hutoa unga wao wenyewe.