Kiima kiko wapi? Sikio la Kiswahili na kitenzi cha Kiingereza

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupitia maandishi ya Kiingereza ya watu waliokua wakizungumza Kiswahili: insha, barua za kuomba kazi, ripoti, sura za tasnifu. Kosa ninalokutana nalo kila siku si la msamiati wala la tahajia. Ni kitenzi kisichopatana na kiima chake. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo ukimwambia aandike jambo lilelile kwa Kiswahili sanifu, hapati shida. Lugha yetu inapatanisha karibu kila kitu: kitenzi, kivumishi, kionyeshi, hata "-a" ya uhusiano. Kiingereza cha leo kimebakiwa na mabaki tu ya upatanisho: ile "s" ya nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo, "has" na "have", na maumbo machache ya "be". Anayemudu ngeli zote zile hashindwi na hivi.

Kwa hiyo siwaambii watu waanze na orodha ya kanuni. Nawaambia waiseme sentensi kwa Kiswahili kwanza, kisha wasikilize kitenzi kimefuata nini.

Hii hapa inatoka kwenye aina ya ripoti ninazozisoma: "The price of the machines that the workers use in the two workshops have gone up." Kati ya "price" na kitenzi chake yamejipanga maneno matatu ya wingi, na la mwisho, "workshops", linagusana kabisa na "have". Mwandishi amevutwa. Sasa iseme: "Bei ya mashine wanazotumia wafanyakazi katika karakana zile mbili imepanda." Umesema "imepanda". Hukusema "zimepanda" kwa ajili ya mashine, wala "wamepanda" kwa ajili ya wafanyakazi. Ulimi umeyaruka yote ukarudi kwenye bei, na bei ni moja. Basi ni "has gone up".

Wala usidhani mvuto huo unawapata wageni tu. Mwaka 1991 watafiti Kathryn Bock na Carol Miller walichapisha utafiti ambamo wazungumzaji wazawa wa Kiingereza walipewa vianzio kama "The key to the cabinets" wavimalizie. Baadhi yao waliweka kitenzi cha wingi, ingawa ufunguo ulikuwa mmoja. Nomino ya wingi iliyo karibu na kitenzi ilipotosha kuliko ya umoja. Ndiyo maana ninapopitia rasimu natilia shaka zaidi sentensi yenye kiima cha umoja na wingi uliojipenyeza katikati.

Sikio hilihili linakuvusha penye mitego ambayo vitabu vya sarufi huitengea kurasa nzima. "The number of students" au "a number of students"? "Idadi ya wanafunzi imeongezeka", basi "has increased". "Wanafunzi kadhaa wamefika", basi "have arrived". "Each of the students"? Kila mmoja wa wanafunzi ana, kwa hiyo "has". Ninayoipenda zaidi ni hii: "She is one of the teachers who work at night." Wengi huandika "works" kwa sababu wameona "one". Lakini kwa Kiswahili ungesema "ni mmoja wa walimu wanaofanya kazi usiku". Hiyo "wa-" ya "wanaofanya" imeshakujibu kwamba wanaofanya kazi usiku ni walimu, wengi, na yeye yumo miongoni mwao.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo Kiswahili chenyewe ndicho kinachokuponza, na hapo ndipo pa kukaza macho.

Kwanza ni "ni" na "kuna". Hayabadiliki: mtoto ni mgonjwa, watoto ni wagonjwa, kuna tatizo, kuna matatizo. Kiingereza kinadai "is" na "are", na katika "there is" na "there are" kiima kinakuja baada ya kitenzi, kwa hiyo unaandika kitenzi kabla hujafika kwenye kitu chenyewe. "There is many problems" nimeisahihisha hata katika kazi za watu wenye shahada mbili. Ukishaandika "there", simama, tazama mbele kuna nini, ndipo uchague.

Pili ni vitu ambavyo lugha hizi mbili zinavihesabu tofauti. Kwetu maji yamemwagika, nywele zimekua, pesa zimekwisha, habari zimefika. Kwa Kiingereza "water", "hair", "money" na "news" vyote vinachukua umoja, hata hiyo "news" yenye "s" mwishoni. Upande wa pili, mkasi umepotea, suruali imechanika, miwani imevunjika, lakini "scissors", "trousers" na "glasses" ni "are". Hapa hakuna ujanja, ni kukariri. Bahati nzuri orodha si ndefu. "Police" haina taabu: polisi wamefika, "the police have arrived".

Tatu ni "pamoja na". Sisi husema bila wasiwasi "mkurugenzi pamoja na wasaidizi wake wamewasili". Kiingereza rasmi hakikubali. "The director, together with her assistants, has arrived", kwa sababu kilicho kati ya koma hakihesabiwi kuwa sehemu ya kiima. Ndivyo ilivyo pia kwa "as well as" na "along with". Ukitaka wingi, andika "and".

Kuhusu herufi "s" yenyewe, kinachochanganya ni kwamba inafanya kazi mbili zinazopingana. Kwenye nomino huonyesha wingi, kwenye kitenzi huonyesha umoja. "The student writes", "the students write". Ukiiona pande zote mbili, "the students writes", karibu kila mara kuna kosa. Nasema karibu, maana "the boss writes" ni sahihi, na "the children write" haina "s" popote. Na "does" ikishaingia, imeibeba "s" yote: "Does she know", si "Does she knows". Baada ya "can", "must" au "will" haiji kamwe.

"Either" na "or", "neither" na "nor": kitenzi hufuata kiima kilicho karibu nacho. "Neither the manager nor the clerks were informed." Mimi nikikuta sentensi ya namna hiyo inasikika vibaya, naiandika upya tu.

"Team", "government" na "committee" zisikunyime usingizi. Marekani hupendelea umoja, Uingereza huruhusu wingi pale inapowafikiria watu waliomo ndani. Chagua njia moja, uishike hadi mwisho wa andiko. Nilichokiona kikiwaudhi wasomaji ni "the committee has" katika aya ya kwanza na "the committee have" katika ya tatu.

Unapopitia kazi yako, fanya mzunguko mmoja wa vitenzi peke yake. Usiguse koma, usipambe maneno. Weka kidole kwenye kitenzi, uliza nani au nini, rudi nyuma hadi ukipate kiima, kisha nenda kwenye kitenzi kinachofuata. Programu za kusahihisha husaidia, lakini katika sentensi ndefu mstari wao mwekundu unaweza kukosea, na hushindwa hasa penye "I suggest that he go." Zipo zitakazokuambia uongeze "s". Usiongeze. Ukisema "napendekeza aende", husemi "napendekeza anaenda". Ile "-e" ya mwisho ndiyo inayofanya kazi hapo, na kwa Kiingereza kitenzi hubaki kitupu: "that he go", "that she be informed".