Barua kwa mwanangu: Waomo wako wanataka upepo

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Matondoni, Lamu, hatujambo wote, na shangazi zako wanakusalimu sana.

Ujumbe wako na ramani vimenifikia. Umenieleza kuwa wewe na wenzako huko Toronto mnacheza mchezo wa kuigiza: mmoja anasimulia, kila mmoja anashika mhusika wake, na dadu ndizo zinazoamua. Safari hii umepewa kazi ya kubuni taifa zima la watu wa bahari, nawe umewaita Waomo. Umewapa visiwa, merikebu za vita, malkia wa maharamia na mungu wa bahari asiyeridhika. Halafu ukaniuliza: "Mama, mbona bado hawaonekani kama watu? Kimepungua nini?"

Kimepungua upepo. Ramani yako ina ngome na mapango ya majoka, lakini sikuona popote ulipoonyesha pepo zinavuma kutoka wapi, na miezi gani. Bila hilo hujui chakula kinafika lini, nani anaoa nani, nani anamdai nani. Watu wa bahari kazi yao kubwa ni kungojea, na mila zao nyingi zimezaliwa katika kule kungojea.

Unayajua haya, ila labda hukuwahi kuyatazama kwa jicho la mtu anayebuni. Kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, huanza kushika mwezi wa 12 hivi, ikavuma mpaka wa 3, na kwa kaskazi ndiko vyombo vya Arabuni, vya Ghuba na vya Bara Hindi vilikuwa vikiteremka kwetu na tende, chumvi na mazulia. Kusi, upepo wa kusini, huingia mwezi wa 4, nayo ndiyo iliyovirudisha na boriti za mikoko na pembe za ndovu. Lakini kusi ikikaza, mwezi wa 6 na wa 7, bahari huchafuka na nahodha mwenye akili hafungui tanga kwenda mbali. Kwa hiyo mgeni aliyekuja kununua boriti hakuweza kununua leo akaondoka kesho. Alikaa miezi. Akala kwetu, akaugua kwetu, akajifunza maneno yetu, akaoa, akaacha mtoto, na mwaka uliofuata akarudi kwa mkewe kama alivyorudi kwa biashara yake.

Basi katika mchezo wenu usiwaambie wachezaji kwamba safari ni ya siku kadhaa. Waambie msimu umebakiza wiki mbili. Wakichelewa kwa sababu walikuwa wanagombana sokoni, upepo umegeuka, na sasa wako bandarini miezi minne katika mji ambao hawana ndugu. Hapo hadithi inaanza yenyewe.

Na mtu asiye na ndugu mjini anahitaji mwenyeji. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipopita pwani hii mwaka 1331, alieleza desturi ya Mogadishu ambayo naona umeletewa wewe. Chombo kikikaribia, vijana walitoka kwa mashua ndogo, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mfanyabiashara yule alifikia nyumba ya mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Atakayemlalia bei mgeni, au atakayefanya naye biashara bila mwenyeji kuwapo, biashara hiyo ilihesabika batili. Wafikirie wachezaji wako wameshikilia ubao wa chombo, njaa inawauma, masinia matano yanakuja. Wakila la huyu wamejifunga kwa nyumba hii mpaka kusi, pamoja na madeni yake na maadui zake. Mimi ningelianza hapo, kabla ya upanga wowote kutolewa alani.

Sasa vyombo. Umeandika kuwa merikebu za Waomo ni "kubwa na za kutisha". Hiyo haitoshi, mwanangu. Ziundwe kwa nini, na nani? Zamani kwetu kulikuwa na mtepe, chombo kisicho na msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za usumba, na tanga lilikuwa la mkeka. Vyombo vya kushonwa vya pwani hii vimetajwa na mwandishi wa Kigiriki tangu karne ya 1, na mitepe ilidumu huku kwetu mpaka karne ya 20. Mshono hulegea, hivyo chombo hupinda kidogo kikikwaruza mchanga mahali ambapo mbao za msumari zingepasuka. Lakini mshono huoza pia, na lazima ushonwe upya.

Nawe jiulize kamba ile ilitoka wapi. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya ufuo, pale maji yanapojaa na kupwa, yakakaa humo miezi. Ukiyafukua yananuka mpaka kesho yake mikono bado inanuka. Unayaponda kwa rungu juu ya gogo, nyama ile laini inatoka, zinabaki nyuzi. Unaziosha, unazianika, kisha unakaa chini na kusokota, uzi juu ya uzi, kiganja kwa kiganja, mpaka ngozi inakuwa ngumu. Nimeifanya kazi hiyo na bibi yako. Ni kazi ya wanawake, na hakuna nahodha aliyeng'oa nanga bila hiyo. Katika andiko lako wanawake wa Waomo ni malkia mmoja na wachawi wawili. Wape kamba. Mji ambao wanawake wake wamekasirika na kuacha kusokota hauna chombo kitakachotoka msimu ujao, na mfalme atalazimika kuja kuketi nao mkekani kuomba.

Malkia mwenyewe mwache. Unguja iliwahi kutawaliwa na Malkia Fatuma mwishoni mwa karne ya 17, na Pate na Mwana Khadija katika karne ya 18, kwa hiyo hilo si la kubuni tu. Ila uharamia mpunguzie. Maharamia hawajengi mji. Wanahitaji mji wa watu wengine wa kuibia. Utawala wake uwe na kitu cha kushikika. Lamu ilikuwa na siwa, baragumu kubwa ya utawala, ya shaba, Pate ilikuwa na ya pembe za ndovu, na siwa ilipopulizwa kila mtu alijua nani ana haki ya kuipuliza. Siwa ikiibiwa kwa Waomo, harusi za wakuu zinasimama, na kiti cha malkia kinayumba.

Kwenye vita, mwalimu wako awe maji. Umeniandikia manowari mia zikipigana katikati ya bahari. Babu yako alikuwa akitusimulia habari za Shela, mwaka 1812 au hapo karibu, jeshi la Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na watu wa Pate liliposhuka kuipiga Lamu. Waliposhindwa wakakimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yameshakupwa na vyombo vimekaa mchangani. Wengi walifia hapo hapo ufuoni. Bamvua ya kwetu, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hupandisha na kushusha maji mita 3 hivi, na kila siku kujaa kunachelewa kwa karibu dakika 50. Mtoto wa pwani anaijua hesabu hiyo kabla hajajua kusoma. Mpe kila mchezaji Mwomo uwezo huo, na mgeni wa bara asiwe nao.

Hesabu ya siku zao pia isiwe ya Januari na Februari. Wazee wetu walikuwa na mwaka wa jua ulioanza siku ya Nairuzi, wakauhesabu kwa miongo: siku kumi kumi, miongo 36, na siku 5 za kukamilisha. Mtu wa chombo na mtu wa shamba wote waliitumia, mmoja ajue lini kufunga safari, mwingine lini kupanda. Makunduchi, huko Unguja, bado wanauaga mwaka huo kila Julai kwa Mwaka Kogwa, wanaume wakipigana kwa vikonyo vya migomba na kibanda kikichomwa moto. Na angani wawe na Kilimia, lile kundi la nyota, maana wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua.

Kuhusu mungu wao mwenye hasira, sina mengi. Mabaharia niliowajua walisema inshallah kabla ya kutaja siku ya kufika, na hawakupenda kuulizwa mara mbili. Tabia hiyo itakufaa kuliko dhoruba za kila mara.

Kuna jambo moja nakuomba kwa uzito. Usiwasafishe. Pwani hii ilibeba pembe na boriti, ikabeba na watu waliouzwa, na biashara hiyo ya baharini haikupigwa marufuku Unguja mpaka mkataba wa 1873 wa Sultani Barghash. Zile nyumba za mawe unazozipenda, zenye vyumba virefu na vyembamba kwa sababu upana wake haukuweza kuzidi urefu wa boriti ya mkoko, zenye vidaka vya kuwekea vyombo vya China, zilikuwa na watu ndani ambao hawakuchagua kuwemo. Ikiwa Waomo ni matajiri, msimuliaji aseme utajiri umetoka wapi, na mmoja wa wahusika awe mtu aliyeletwa, mwenye jina lake na kisa chake kamili, wala asiwe wa kupita na sinia tu.

Umeuliza mwisho tukio la kwanza liwe lipi. Mimi ningeliweka siku za mwisho za kaskazi. Chombo kiko ufuoni, upande mmoja umeshashonwa, upande wa pili bado. Kamba haitoshi. Mwenyeji ameleta deni la miezi mitatu, na mke wa nahodha, mwenye kamba nyumbani kwake, hataki kuitoa mpaka aambiwe ukweli kuhusu safari ya mwaka jana. Ndani ya chombo kuna nafasi pungufu kwa mtu mmoja.

Wachezeshe hilo, kisha uniandikie waliamua nani abaki, na yeye alisemaje.

Ni mimi mamako.