Jaribio wanafaulu, shambani wanakata ovyo

SWALI: Tunaandaa kozi ya mtandaoni ya kupogoa mizabibu kwa vijana wa Mpunguzi na Makutupora. Malengo tumeyapanga kwa ngazi za Bloom (mpangilio wa malengo ya kujifunza), ingawa karibu yote yanaanza na "kuelewa". Kwenye maswali ya kuchagua wengi wanavuka asilimia 80, lakini wakipewa mkasi wanakata ovyo. Tatizo liko wapi?
Mwandaaji wa kozi, Dodoma

JIBU: Jaribio lenu linapima ngazi ya chini, shamba linadai ya juu. Mpangilio wa Bloom wa 1956, kama ulivyorekebishwa mwaka 2001, una ngazi sita: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini na kubuni. Kuelewa hakuonekani, kwa hiyo mtunga maswali huishia kuuliza kilichosemwa kwenye video. Andikeni hivi: "Akipewa picha ya mzabibu ambao hajawahi kuuona, mshiriki ataonyesha matawi ya kukata na macho (sehemu zinazochipua) ya kubakiza, na kutoa sababu."

Mzabibu huo lazima uwe mgeni kwake. Wengi hubadilisha kitenzi tu wakadhani wamepanda ngazi. Mkirudia mzabibu uleule wa kwenye video, hata lengo likisema "kuchanganua", mshiriki anakumbuka tu.

Maswali ya kuchagua msiyatupe. Yanafika hata kwenye kuchanganua, mradi picha iwe mpya na majibu ya uongo yatokane na makosa halisi ya shambani, kama kubakiza macho mengi mno.

Halafu kuna mkono. Ngazi hizo sita ni za akili. Za ujuzi wa mikono zilitungwa baadaye na watu wengine, na hapo ndipo kozi nyingi za mtandaoni hujikwaa. Ombeni video ya simu ya sekunde 60. Bando likiwa shida, picha mbili, kabla na baada ya kupogoa, pamoja na ujumbe mfupi wa sauti. Angalieni mkasi safi, mkato usiochana gome, idadi ya macho, na kama matawi makavu yameondolewa.

Sababu anazotoa zipimeni kwa SOLO, mpangilio wa Biggs na Collis wa 1982: ametaja sababu moja, kadhaa zisizohusiana, au ameziunganisha?

Malengo matatu au manne kwa wiki yanatosha. Yakizidi, hamtapata muda wa kusahihisha hizo video.