Jibu: Nimechoka kusomesha nyumbani, niache?

Dada, pole sana. Umeuliza kama uache kumsomesha kijana wako wa Gredi ya 4 nyumbani, kwa kuwa kufikia saa nne asubuhi wewe unafoka, naye analia juu ya hesabu za kugawanya. Tafadhali usiamue leo ukiwa umechoka hivyo.

Mimi niko mwaka wa tatu na wangu wawili, hapa Mombasa. Kilichonimaliza ni kukatizwakatizwa: gesi imeisha, jirani anapiga hodi maana "si uko tu nyumbani", mdogo kachorachora daftari la kakake. Tena nilikuwa namkalisha mtoto masaa mawili mfululizo. Shuleni kipindi cha gredi hiyo ni dakika 35! Siku hizi, dakika hizo zikiisha, anatoka nje, hata kama swali limebaki nusu.

Kuhusu kugawanya, weka kitabu kando, chukua maharagwe. 84 kwa 4: mafungu manane ya kumi kumi, na punje nne. Agawe mafungu kwanza kwenye sahani nne, kisha punje. Wangu alihesabu sahani moja kwa kidole, akasema polepole, "Ishirini na moja." Niligeuza uso asinione machozi.

Mlango ufunge hadi saa sita, jirani atazoea. Na baba watoto ashike somo moja, hata la jioni. Mwambie waziwazi, usingoje ajionee. Jaribu wiki mbili, kisha rudi utuambie.